Ombi la Kumrudishia Mume Wangu Lita Tano za Kupoteza

Kwa Meneja wa Magari,
Kampuni ya Magodoro,
Geti la Nyuma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUMRUDISHIA DEREVA WA GARI NAMBA TISA LITA TANO ZA DIZELI ZA KUPOTEZA KILA SIKU

Kabla ya yote nakusalimu kwa heshima, wewe na wasaidizi wako wote, pamoja na mlinzi wa geti la nyuma ambaye ndiye nitakayempa barua hii akufikishie. Natumaini nyote mu wazima na hesabu zenu za dizeli zinakwenda vizuri. Nimesikia zinakwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mke wa dereva wa Gari Namba Tisa, lile lori la bluu ambalo mlango wake wa kushoto una rangi nyingine. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, katika nyumba iliyogusana ukuta na yadi yenu. Ukisimama kwenye dirisha la ofisi yako ukatazama chini, kamba yangu ya nguo unaiona. Mimi pia nakuona. Chai yako huwa unainywa ukiwa umesimama. Sisemi kwa ubaya, nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa mbali.

Miezi miwili iliyopita mlianzisha mpango wa kupunguza matumizi ya mafuta na moshi katika magari yenu yote kumi na manne. Mliwaweka madereva darasani siku tatu, mkampa kila mmoja kijitabu chenye jalada la kijani, mkafunga ndani ya kila gari kidude kinacholia "pii" dereva akikanyaga mafuta kwa pupa. Mpango huo naupongeza. Sina ugomvi na dizeli, wala na hewa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mlimfundisha mume wangu mambo ya kazini bila kumwambia kuwa yanaishia getini.

Inabidi kwanza umjue mtu mwenyewe. Kwa miaka kumi na saba madereva wenzake wamemwita Mzee wa Resi. Alikuwa hawezi kuwasha gari bila kuliungurumisha mara tatu, eti analisalimia. Alikuwa akisimamisha lori barabarani, injini inawaka, ashuke anunue sigara, aulize habari za mpira, amsaidie mtu kusukuma gari lake, kisha arudi alikute lori bado linatetemeka. Sigara aliacha, hayo mengine hakuacha. Mtu huyo nilimzoea. Sasa mmenirudishia mtu mwingine, mwenye sura ile ile na viatu vile vile, ila anaingia mlangoni kwa gia ya kwanza. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Ukimya wa asubuhi. Kabla ya mpango wenu, magari yote yalikuwa yanawashwa saa kumi na moja alfajiri na kuachwa yakiunguruma kwa dakika arobaini ili injini zipate joto. Namba Tisa ndiyo iliyokuwa karibu yetu kuliko zote, maana hulazwa kinyumenyume, bomba lake la moshi likitazama ukuta wetu, chini kabisa ya dirisha la chumba cha watoto. Mtaa mzima uliamka kwa kelele hizo. Hakuna aliyekuwa na saa ya kumwamsha, ya nini, na sisi tulikuwa na kampuni nzima? Sasa kijitabu kinasema nusu dakika inatosha, na malori yenu yanatoka kwa kunyata. Mwalimu wa nyumba ya tatu amechelewa shuleni mara nne. Ameandikiwa barua ya onyo, na ameniambia uso kwa uso kwamba hasira zake atazimalizia kwangu, kwa kuwa mume wangu ndiye anayejisifu kuliko wote. Mimi mwenyewe nimeunguza nguo mbili za wateja kwa kupiga pasi mbio mbio baada ya kuchelewa kuamka.

2. Kusimama huku injini inawaka. Kijitabu kinasema gari likisimama zaidi ya dakika moja, zima. Nakubali, hiyo ni sheria ya magari. Lakini mimi na jirani yangu, mke wa fundi viatu, tuna utaratibu wetu wa kuagana. Tunaagana kwanza kwenye viti, tunaagana tena mlangoni, halafu tukishafika nje ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Siku hizi mume wangu anakuja kusimama nyuma yetu, mkononi ana simu inayohesabu sekunde. Dakika ikitimia anasema kwa upole kabisa, "Shemeji, zima au ondoka." Mara ya mwisho jirani yangu alikuwa katikati ya habari ya binti wa mpiga picha, muuza maandazi na yule mkaguzi wa mita za maji. Alikuwa ameshafika pale binti alipomwambia mkaguzi, "Sasa chagua." Akazimwa. Hadi leo sijui nani alichaguliwa. Ndugu Meneja, wote watatu nakutana nao kila siku na sijui niwasalimie kwa uso gani.

3. Safari moja, mizigo mingi. Mmewafundisha kwamba gari lisitoke yadini kwa mzigo mmoja, safari zikusanywe. Jumatatu chumvi iliisha. Nikamtuma mume wangu duka la pembeni, hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu. Akauliza, "Na nini kingine?" Nikasema chumvi tu. Akasema safari ya chumvi peke yake ni upotevu, tusubiri. Tukasubiri sabuni iishe. Ikaisha. Tukasubiri kiberiti. Siku mbili tulikula chakula kisicho na chumvi, tukitazama kiberiti kikipungua njiti moja moja. Siku ya tatu nikaenda chooni nikaivunja balbu kwa mkono wangu ili mzigo utimie. Akafurahi, akachora ramani ya safari, akazungukia kwa fundi viatu ili asikate kona kali, akachukua muda wa mtu anayekwenda mji mwingine. Alirudi na sabuni, kiberiti na balbu. Chumvi aliisahau.

4. Uzito usio wa lazima. Hapa naomba uweke chini kikombe chako cha chai.

Mama yangu mzazi huja kwetu kila mara mjukuu wake anapobanwa na kifua. Namzungumzia kitindamimba wetu, binti wa miaka saba. Safari hii alikuja bila kuitwa. Alisema amekuja kuuliza mbona muda mrefu hatujamwita. Mume wangu akaenda kumchukua stendi ya basi na Namba Tisa, wakati wa kurudi kutoka kupeleka mzigo. Najua kubeba abiria ni kosa, na kosa hilo naomba ulisome kwa jicho moja.

Mama alikuwa na begi la bati, ndoo mbili, mto wake wa kulalia, na cherehani ya mkono aliyokuwa ananiletea ili binti yangu mkubwa ajifunzie. Mume wangu akavipanga vyote chini, akavitazama, akamuuliza, "Mama, hivi vyote ni vya lazima?" Mto ukabaki stendi. Huo ulikuwa mwanzo tu. Walipofika chini ya ule mlima wa hospitali, akaegesha pembeni, akazima, akavua kofia kwa heshima zote, akamweleza mama kwamba kwa uzito uliomo kidude kitalia "pii" mara zisizopungua sita, na kwamba hatua mia mbili za kutembea ni mazoezi mazuri kwa mtu mzima. Angemsubiri kileleni, injini imezimwa.

Mama yangu ana miaka sitini na minane na magoti ya miaka mia. Alishuka. Alimtazama mkwe wake kwa muda ambao kijitabu hakiruhusu. Kisha akavuka barabara, akasimamisha lori la mkaa lililokuwa linatoa moshi mweusi tii, akapanda mbele na kurudi alikotoka. Huyu bwana yeye alisubiri kileleni karibu saa nzima, na alirudi nyumbani anajisifu kwamba injini ilikuwa baridi.

Leo ni siku ya kumi na tisa mama hajapokea simu yangu. Ametuma neno moja tu kupitia kwa dada yangu mkubwa: "Mwambie nimeelewa. Mimi ni mzigo." Nimelirudia neno hilo moyoni hadi limechakaa. Na siku ile ile, Ndugu Meneja, mlimpa mume wangu alama tisini na tatu. Karatasi niliiona kwa macho yangu. Kidude chenu hakina mahali pa kuandika mkwe.

5. Mapazia ya chumba cha watoto. Zamani nilikuwa nayafua kila Jumamosi kwa sababu ya masizi, na wakati wa kuyaanika nilikuwa napata nafasi ya kupiga soga na jirani kupitia uani. Sasa yanakaa wiki tatu yakiwa meupe, na mimi

(Hili nimelifuta. Nilikuwa naandika nikasahau nalalamikia nini.)

6. Alama. Kila Ijumaa ninyi hubandika alama za madereva kwenye ubao wa gereji. Kila Ijumaa mume wangu naye hubandika za kwetu kwenye mlango wa jikoni. Mimi nina arobaini na moja kwa mia. Kosa langu kubwa, limeandikwa kwa wino mwekundu, ni "kwenda jikoni na kurudi mikono mitupu mara kumi na moja." Binti yangu mkubwa ana hamsini na nane kwa sababu hatoki kitandani hadi aitwe mara tatu, jambo ambalo zamani liliitwa uvivu. Kitindamimba ana tisa. Tisa kwa mia, maana kutwa nzima anakimbia na kuruka kamba. Ajabu ni kwamba huyo hakaripiwi, na Ijumaa iliyopita baba yake alimpa peremende. Hilo limenithibitishia kwamba mfumo wenu una upendeleo.

Aliyeongoza ni paka, alama tisini na saba. Picha yake imebandikwa mlangoni, chini yake pameandikwa Mtumiaji Bora wa Mwezi. Nilipouliza paka amefanya nini, nikajibiwa kwamba hakufanya kitu, na hicho ndicho alichofanya. Hapotezi mafuta, haondoki kwa pupa, hasafiri bila sababu. Nimezaa watoto wawili, nashonea nusu ya mtaa huu sare za shule, nimeshindwa na paka ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na paka amejua. Ananipita mlangoni mkia juu.

Ningesema mume wangu amekosea kuelewa somo, kama fundi mkuu wa gereji yenu asingenieleza, alipokuja kuchukua suruali yake, habari za Gari Namba Nne. Nasikia liko juu ya mawe tangu mwaka jana na injini yake ilishatolewa. Mwezi wa kwanza wa mpango likashinda magari yote kwa kutumia lita sifuri. Dereva wake akaitwa mbele ya wafanyakazi, akapewa cheti na chupa ya chai, akaombwa awaeleze wenzake siri ya mafanikio yake. Akasema ni uvumilivu. Mkampigia makofi. Sasa nikilala najiuliza kama mume wangu siku moja hataona kwamba njia ya uhakika ya kumshinda Namba Nne ni kuniweka mimi juu ya mawe.

7. Ugomvi. Darasani mliwaambia waendeshe kana kwamba juu ya dashibodi kuna glasi iliyojaa maji, wasimwage hata tone. Mume wangu sasa anaishi na glasi hiyo. Anaamka nayo, anakula nayo, anazungumza nayo. Mimi na yeye tumegombana vizuri kwa miaka kumi na saba. Yeye alikuwa anapandisha sauti, na mimi napandisha, sufuria inasikika, halafu mmoja wetu anacheka na mambo yanakwisha. Sasa nikianza, anaongea kwa gia ndogo. Juzi nilimwambia kuhusu mama yangu maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa siku nne. Akasema, "Nimekusikia, mke wangu," akatoka nje akaenda kukaa karibu na ukuta wa yadi. Mtu unabaki na hasira zako mikononi huna pa kuziweka. Nikaishia kumfokea paka, na paka, kama nilivyosema, siku hizi ana cheo.

8. Kurudi mapema. Zamani alikuwa anaingia saa mbili usiku, mimi nimeshamaliza kazi zangu, wateja wameondoka, siri zao ziko salama. Sasa mmempangia njia fupi, hazunguki, hapotei, hasimami, na saa kumi na moja jioni yuko barazani kwangu, kwenye kiti cha wateja. Anahesabu ninavyokanyaga pedali ya cherehani na kunishauri nikanyage kwa utulivu. Amemwambia mteja wangu mkubwa, mama mmoja mwenye kilemba cha kujivunia, kwamba kilemba kile kinakamata upepo. Asipokuwa hapo yuko nje na kitindamimba, anamhesabia anavyoruka kamba kwa simu ile ile ya kuhesabia majirani, macho yamemtoka, na sijui pale anabana matumizi gani.

Ndugu Meneja, baada ya kuyatafakari haya yote kwa kina, ninaleta ombi langu. Naomba mume wangu arudishiwe lita tano za dizeli kila siku ya kazi, za kupoteza tu. Nimezigawa mwenyewe ili usipate shida:

(a) Lita moja ya kupiga resi mara tatu alfajiri, mtaa uamke.
(b) Lita moja ya kuliacha gari likiunguruma aulize habari za mpira, ili habari azimalizie huko huko.
(c) Lita mbili za kupotea njia, arudi nyumbani saa mbili.
(d) Lita moja ya akiba, ya kupandia mlima wa hospitali akiwa na mama yangu, begi la bati, ndoo mbili, cherehani na mto.

Najua utasema lita hizo zitaongeza moshi na kuharibu taarifa yako kwa wakubwa. Nimelifikiria. Gari Namba Nne halitoi moshi wowote. Maana yake ni kwamba moshi wa Namba Nne, ambao ni haki yake kama gari, upo tu umekaa, hautumiki. Naomba uhamishiwe Namba Tisa. Hesabu yenu ya jumla haitabadilika, hewa haitajua, na dereva wa Namba Nne hatapungukiwa kitu kwa sababu chupa ya chai ameshapata. Nikikuonea huruma zaidi, niko tayari kukuazima na moshi wa paka wangu. Ana alama tatu tu za kufikia mia, na huyo anaweza kutoa hewa safi ya kutosha malori mawili.

Kama hilo nalo limeshindikana, basi naomba mnichukue mimi niendeshe Namba Tisa na mume wangu abaki kushona. Yeye atakanyaga pedali kwa utulivu na mimi nitapata mahali pa kupiga kelele. Na kama hata hilo haliwezekani, mpeni lori paka. Sifa zote anazo.

Naomba uzito wa jambo hili uuone. Sitaki mume wangu afukuzwe wala apewe onyo, ni mtu mwema, amekuwa mwema kupita kiwango. Ninachotaka ni mama yangu apokee simu. Hiyo ndiyo shida yangu yenyewe, hayo mengine nimeyaandika kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi.

Nisalimie madereva wote, wa magari yenye injini na wa Namba Nne. Nisalimie fundi mkuu, mwambie suruali yake ya pili iko tayari. Nisalimie karani wako wa ubao wa alama, mwambie mwandiko wake ni mzuri ila una roho ngumu. Na wewe mwenyewe jaribu siku moja kunywa chai umekaa.

Ni mimi niliyebaki na arobaini na moja kwa mia,

Mke wa Dereva wa Gari Namba Tisa
Fundi Cherehani, Ukuta wa Pili

Nakala kwa:
– Fundi mkuu wa gereji.
– Mwalimu wa nyumba ya tatu (kama ushahidi wa kuchelewa).
– Mama yangu mzazi, asomewe na dada yangu.

Tanbihi: Ndugu Meneja, barua hii niliimaliza jana mchana. Leo asubuhi nikawa natafuta bahasha, na bahasha hapa kwetu zinakaa kwenye droo ya mume wangu, ambayo kwa kawaida siifungui. Ndani nilikuta kijitabu chenu cha kijani kimechakaa, nikakuta pampu ya kifua ya kitindamimba wetu, ile ambayo zamani haikutoka mkononi mwangu. Ina vumbi. Chini yake kulikuwa na karatasi ya alama zake, ile ya tisini na tatu. Nikaigeuza nyuma ili nione kama naweza kuikunja iwe bahasha.

Nyuma amehamishia hesabu aliyoianzia kwenye kijitabu, kwa mwandiko wake mbaya: ASUBUHI BILA KUKOHOA. Halafu namba, moja chini ya nyingine, kuanzia siku ya kwanza magari yalipoacha kuungurumishwa. Pale kwenye kumi na saba ameandika, "kidogo, ni mafua." Pale kwenye arobaini na mbili, ambayo nikihesabu ndiyo siku ya mama na mlima, ameandika, "mama amekasirika, nitamwomba msamaha, sijui nianzie wapi." Imeishia sitini na moja, ya leo, wino bado mbichi. Na chini kabisa, pembeni, ameandika maneno matatu, "Bomba lilikuwa langu."

Nilikaa sakafuni nikalia. Miaka saba nimekuwa nikifua masizi kwenye lile pazia kila Jumamosi na sikujiuliza yanatoka wapi, na yeye alielewa siku ya kwanza ya darasa lenu akanyamaza, akabeba glasi yake ya maji kila alikokwenda asije akamwaga. Kwa kweli mimi na mama yangu tulishasahau sauti ya mtoto yule akikimbia. Jana aliruka kamba mara themanini na tatu bila kupumzika, na baba yake ndiye aliyekuwa anahesabu.

Nimempigia mama kwa simu ya dada yangu ili apokee bila kujua ni mimi. Sikumpa nafasi ya kukata. Nilimsomea namba zote, moja hadi sitini na moja, pamoja na ile ya mafua. Kisha akasema, "Mwambie mlima ule nitaupanda kwa miguu. Ila mto wangu aufuate stendi."

Kwa hiyo lita tano zile msimpe. Msimpe hata moja, na akiziomba mwenyewe mniite. Mwalimu wa nyumba ya tatu nitamnunulia saa. Barua hii ningeichana, ila nimeiandika kwa karatasi nzuri na ninataka uisome ili ujue kwamba mpango wenu unafanya kazi mahali ambapo kidude chenu hakifiki.

Kuhusu paka, msimamo wangu uko pale pale. Avuliwe cheo.